Nyumba Iliyofagiwa

Kaka yangu ameokoka mara nne na ameacha pombe mara moja. Kwetu watu huyachukua hayo mawili kuwa kitu kimoja. Mimi nimekaa na tofauti yake kwa muda sasa, na nataka kuiandika kabla sijaizoea.

Mara ya kwanza aliokoka kwenye krusedi uwanjani Rongo, spika kubwa hadi mbuzi wa majirani wakakataa kula. Mara ya pili ilikuwa kesha, Awendo. Mara ya tatu walimpeleka Homa Bay, maombi ya siku tatu karibu na ziwa, bila chakula. Ya nne ilifanyika sebuleni kwa Mama, wachungaji wanne wamemzunguka, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kola ya shati. Sitaki mtu acheke. Kila mara alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Mimi namjua kaka yangu akiigiza. Kila mara alipewa maiki, akatoa ushuhuda, akina mama wakapiga vigelegele. Halafu wiki tatu zingepita, au mwezi na nusu, na tungesikia ameonekana tena kwa yule mama wa nyuma ya soko, ameketi juu ya jerikeni. Kanisa la mwisho lilituma neno kwamba tatizo ni imani yake, haikutosha. Mama alilipokea neno hilo kama majibu ya hospitali.

Kama hujawahi kuishi upande huo wa Kenya, elewa kwanza habari ya pesa. Kuna dhahabu Nyatike, ambako mgodi wa Macalder ulichimbwa tangu enzi za ukoloni na vijana bado wanashuka mashimoni. Kuna miwa Awendo. Kuna ziwa Muhuru na Karungu, na ukiingia kaunti ya Homa Bay ziwa liko kila upande, omena wakivuliwa usiku kwa taa na kuuzwa asubuhi. Ni pesa ya leo leo. Mtu analipwa jioni, noti ziko mfukoni, na chang'aa iko karibu kuliko benki. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1980, ikaruhusiwa kwa masharti mwaka 2010 kupitia ile sheria watu wanaiita ya Mututho. Miaka hiyo yote, marufuku au ruhusa, yule mama wa nyuma ya soko hajafunga. Ana watoto watatu shuleni. Nitarudi kwake.

Barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay inapita Asumbi. Wengi wanaijua Asumbi kwa shule za misheni ya Kikatoliki. Familia zenye mlevi wanaijua kwa kituo chake cha kutibu uraibu. Kituo alichoenda kaka yangu sitakitaja, kiwe hicho au kingine, kwa sababu watu wa programu hiyo hawatajani, na mimi naiheshimu desturi yao. Tuliuza ng'ombe wawili, nikachukua mkopo wa sacco hapa Nairobi, akakaa miezi mitatu. Alirudi amenenepa kidogo, ana kijitabu chenye hatua kumi na mbili, na swali moja: "Sista, hii kitu mbona ni Biblia tupu?"

Alikuwa amekaa mezani na Muma ya Mama, ile Biblia ya Dholuo yenye jalada lililoshikiliwa na gundi, akiandika namba pembeni mwa mistari. Mama alitaka kuzimia. Kwetu hakuna mtu anaandika ndani ya Muma isipokuwa tarehe za kuzaliwa na za vifo.

Lakini alikuwa ameona kitu cha kweli. Mwezi Mei mwaka 1935, Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alikuwa amekwama kwenye hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, na baa ya hoteli ilikuwa inamwita. Akachagua simu. Alimpigia mchungaji aliyemwona kwenye orodha ya makanisa, akaomba aunganishwe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyokutana na Dakta Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa analewa kwa siri ambayo mji mzima unaijua. Kinywaji cha mwisho cha Bob huhesabiwa kuwa cha tarehe 10 Juni 1935, na hapo ndipo Alcoholics Anonymous husema ilizaliwa. Kitabu chao chenye hatua kumi na mbili kilitoka mwaka 1939. Kabla ya hapo wale walevi wa Akron walikuwa wanasoma Hotuba ya Mlimani, sura ya 13 ya Wakorintho wa Kwanza, na hasa Waraka wa Yakobo. Waliupenda hadi baadhi yao walitaka chama kiitwe Klabu ya Yakobo.

Wote wawili, Bill na Bob, walikuwa wamepitia Kikundi cha Oxford, harakati ya Kikristo ya mchungaji Mmarekani, Frank Buchman. Humo watu waliungama wao kwa wao, walirudisha walichochukua isivyo haki, na walikaa kimya asubuhi kumsikiliza Mungu.

Ukisoma hayo ukiwa mtu wa Nyanza unashtuka kidogo, kwa sababu hiyo ni hadithi ya nyanya yako. Miaka hiyo hiyo ya 1930 uamsho ulikuwa umewaka Gahini, Rwanda, ukapita Uganda hadi kwetu. Waliookoka walikutana katika vikundi vidogo, wakaungama kwa kutaja vitu kwa majina yake, wakatembea vijiji kurudisha vilivyoibwa. Kwetu mambo hayo yalileta hadi mgawanyiko: mwaka 1957 Matthew Ajuoga na wenzake walitoka Anglikana wakaunda Church of Christ in Africa. Waliitwa Johera, watu wa upendo, na wale wa uamsho waliobaki waliitwa Joremo, watu wa damu. Nyanya yangu alikuwa wa Joremo. Mama husimulia jinsi alivyotembea nusu siku kumlipa Mhindi mwenye duka bei ya kipande cha sabuni alichochukua akiwa msichana. Mwenye duka hata hakukumbuka. Nyanya alimwachia pesa kwenye kaunta, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kwa hiyo mtu akiniambia hatua kumi na mbili ni mambo ya Wazungu, ninamfikiria nyanya na sabuni yake. Nadhani kaka alipewa kitu ambacho familia yetu iliwahi kuwa nacho, na ambacho makanisa yenye spika yamekiacha njiani. Wanasoma Biblia ile ile. Lakini wanaisoma kama habari za dakika moja, ile dakika mtu anaanguka chini na kuinuka mpya. Kaka aliisoma kama habari za Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi.

Twende kwa namba zake. Namba moja aliiandika kwenye Warumi sura ya 7, pale Paulo anapolalamika kwamba jema analotaka halifanyi, na baya asilolitaka ndilo analofanya. Hatua ya kwanza ni hiyo tu: kukubali kwamba pombe imenizidi nguvu na maisha yamenishinda. Kwenye krusedi kaka alifundishwa kukiri ushindi. Ukisema "nimeshindwa" unaambiwa ufunge mdomo, usimpe shetani nafasi. Alikiri ushindi kwa miaka sita huku akishindwa, na hakuwa na mahali pa kupeleka huko kushindwa. Paulo, mtume mzima, aliruhusiwa kusema.

Kwenye Kutoka 16 hakuandika namba, aliandika "leo". Ni habari ya mana jangwani: kila mtu anaokota ya siku hiyo, na aliyejaribu kuweka akiba mpaka kesho aliikuta ina mabuu na inanuka. Watu wa programu hawaapi kuacha pombe maisha yote. Wanaacha leo. Mama hakupenda hilo mwanzoni, akasikia kama mtoto wake anajiachia mlango wazi. Kaka akamuuliza: "Mama, wewe kwenye Baba Yetu unaomba mkate wa lini?" Mama akanyamaza, akaenda kuangalia sufuria.

Namba tano iko kwa Yakobo, sura ya mwisho, anaposema watu waungamiane na kuombeana ili wapone. Angalia kuponywa kumewekwa wapi. Kumewekwa kati ya mtu na mtu. Na kuungama si sawa na ushuhuda. Ushuhuda, kama tunavyoujua, ni wa zamani na wa jumla: nilikuwa mlevi, nilikuwa nimepotea, Bwana akanitoa. Unaishia na makofi. Hatua ya nne inataka orodha iliyoandikwa, na ya tano inataka uisome mbele ya Mungu na ya mtu mmoja mwenye masikio. Kaka alimsomea mlezi wake, wao humwita sponsa, mzee mmoja fundi wa injini za boti. Walikaa chini ya mwembe kutoka saa nne asubuhi hadi saa tisa. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alimwambia tu, "Hiyo ya mota ya posho mill, mimi yangu ilikuwa ya boti."

Hapo utaona pia kwa nini wanafichana majina. Kwetu mtu haulizwi anaitwa nani tu, anaulizwa ni wa nani, wa wapi, ameolewa wapi dada yake. Ukisema jambo Rongo asubuhi, jioni limefika Oyugis. Kuwa na chumba kimoja, viti vya plastiki, ambapo kinachosemwa kinabaki ndani, ni ajabu kubwa kwetu kuliko watu kuanguka kwenye krusedi.

Mstari alioupigia mistari miwili ya kalamu uko Mathayo 12. Yesu anasema pepo mchafu akimtoka mtu huzunguka akitafuta mahali pa kupumzika, asipate, akaamua kurudi. Anaikuta nyumba tupu, imefagiwa, imepambwa. Basi anaenda kuchukua wenzake saba walio wabaya zaidi, na hali ya mtu huyo inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kaka aliniambia: "Hawa wachungaji hawakunidanganya. Walifagia kweli. Mara nne nilifagiwa. Lakini saa mbili usiku nilikuwa narudi kwa nyumba tupu."

Sijasikia mahubiri ya mstari huo, na nimekaa kanisani maisha yangu yote. Hatua tatu za mwisho ndizo jibu lake: kujikagua kila siku, kuomba na kutafakari, na kuwapelekea wengine ulichopata. Ni kazi ya mtu kuishi ndani ya nyumba yake ili isibaki wazi. Haina maiki.

Namba kumi na mbili aliiweka Marko 5, na hiyo ukiisoma ukiwa mtu wa ziwa unaiona kwa macho. Mtu anaishi makaburini kando ya ziwa, anapiga kelele usiku, anajikatakata kwa mawe, wenyeji wamemfunga kwa minyororo na amekata. Mimi nimeona mtu amefungwa kwa kamba kwenye mti na ndugu zake waliomchoka, kwa hiyo hapo sihitaji mahubiri. Yesu anamponya, pepo wanaingia kwenye nguruwe kama elfu mbili, nguruwe wanazama. Aliyepona anataka kupanda mashua aondoke naye. Anakataliwa. Anaambiwa arudi nyumbani kwa watu wake awaambie. Yaani anarudishwa kwa walewale waliomfunga.

Lakini kuna nguruwe. Watu wa mji walipomkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, waliogopa, na waliposikia habari za nguruwe wakamwomba Yesu aondoke kwao. Nguruwe elfu mbili ni mali. Ndipo narudi kwa yule mama wa nyuma ya soko. Kaka alipoacha, mama yule alipoteza mteja wa kila siku. Nilihesabu siku moja bila kupenda: pesa iliyokuwa inatoka mfukoni mwa kaka, nyingine ikiwa yangu, ilikuwa inalipa karo ya mtoto wake wa sekondari. Huyo mama si adui yangu. Alifiwa na mume na hana shamba. Serikali ikija kumwaga mitungi yake, kamera zikiwa mbele, hakuna anayeuliza nani atalipa muhula wa pili. Marko ameandika wazi kwamba mtu mmoja akipona kuna mji unaopata hasara, na kwamba mji unaweza kuchagua nguruwe.

Sasa, mchungaji wa kanisa la Mama hakufurahia hizi namba. Alimwambia Mama kwamba mikutano ile inamwacha kila mtu amfahamu Mungu kwa namna yake, na kwamba mtu aliyejazwa Roho haendi kukaa na walevi kila Alhamisi kujiita mlevi. Alitaka kaka achague. Simdharau kwa swali lake, kwa sababu ni kweli: hatua zimetoka kwenye Biblia lakini jina la Yesu halimo. Kule mwanzo kulikuwa na wanachama waliokuwa na mashaka na dini, wakasisitiza mlango uwe mpana. Mkristo anaweza kuona hapo pengo, na ana haki. Lakini mlango huo mpana ndio umefanya Zanzibar kuwe na nyumba za kupona, watu wanaziita sober house, ambapo vijana Waislamu waliokuwa kwenye heroini wanapita hatua hizo hizo wakiziita toba, na hakuna aliyehitaji kumweleza shehe habari za Akron. Kwenye chumba cha Alhamisi cha kaka kuna Msabato, kuna Mkatoliki, kuna mtu wa Legio Maria, na kuna Mwislamu mmoja wa Migori mjini. Wote wanaomba mwishoni. Kaka alimjibu mchungaji kwa heshima, "Mchungaji, Jumapili nitakuja. Alhamisi pia nitaenda." Mama alikuwa anamimina chai. Hakusema kitu, lakini Alhamisi hiyo alimpa nauli.

Imebaki namba tisa, na hiyo inanihusu mimi.

Hatua ya tisa ni kurekebisha ulichoharibu, kwa wale uliowaumiza, pale ambapo kufanya hivyo hakutawaumiza zaidi. Kaka aliiandika kwa Zakayo, Luka 19. Najua jina hilo siku hizi tumelipeleka kwenye siasa na kodi, lakini Zakayo wa Luka alishuka mtini akaahidi kurudisha mara nne. Kaka aliuza mota ya posho mill ya marehemu baba kwa shilingi 38,000. Nilimwambia mara nne ni 152,000. Akacheka: "Zakayo alikuwa bosi wa ushuru. Mimi nina pikipiki ya mkopo." Anamtumia Mama shilingi 500 kwa M-Pesa, karibu kila wiki.

Kwangu alikuja mwenyewe. Alipanda basi la usiku, akafika asubuhi Umoja, hakutaka chai kwanza. Alikuwa na karatasi. Alisoma: pesa ya dawa za Mama niliyotuma mwezi wa nne, aliinywa. Simu yangu aliyosema imeibiwa. Siku ya mahafali yangu, alichowafanyia wageni. Alisoma mambo kumi na moja, na mawili sikuwa nayajua. Nilikaa nikiangalia soksi zake. Nilijua sehemu yangu kwenye hadithi hii, kila mtu aliyelelewa Sunday school anaijua: hapa ndipo unamkumbatia, unachinja ndama.

Lakini ule mfano wa mwana mpotevu hauna mama ndani yake, na hauna dada. Kuna baba mwenye mali ya kutosha kugawa na bado kuchinja. Kwetu, mali iliyopotea ilikuwa ya Mama na mshahara wangu. Hata historia ya Akron ina mtu huyo: Lois, mke wa Bill, aliyefanya kazi dukani miaka mingi kumlisha mume mlevi, na mwaka 1951 akasaidia kuanzisha Al-Anon kwa ajili ya familia, kwa sababu mlevi akipona kuna watu wamebaki wamekaa na mabaki yake.

Basi nilimwambia ukweli. Nilimwambia, "Nimekusikia. Kukusamehe, sijafika." Nilitarajia alie. Akakunja karatasi, akasema, "Sikuja kuchukua hiyo. Nimekuja kuleta hii." Akaiweka mezani. Ndipo akakubali chai.

Nimefikiria sana jibu hilo. Mara zote nne alizookoka, aliporudi nyumbani alikuja kuchukua: msamaha wetu ulitakiwa siku hiyo hiyo, kama sehemu ya muujiza, na aliyesita alikuwa anamzuia Mungu. Safari hii aliniachia nafasi yangu. Mlezi wake alikuwa amemfundisha kwamba hatua ya tisa ni deni lake yeye, na mwenye kudai ana uhuru wa kukaa kimya, kama Mhindi wa nyanya alivyokaa kimya mbele ya pesa ya sabuni.

Kaka ana mwaka mmoja na miezi saba sasa. Anaweza kunywa kesho. Yeye mwenyewe husema hivyo, Mama akimkataza. Luka hakuandika kama yule kaka mkubwa aliingia ndani kwenye karamu. Baba alitoka nje, akambembeleza, hadithi ikaishia hapo, muziki ukiendelea. Desemba nitaenda Rongo. Mota bado inadaiwa 9,000, na ile karatasi iko kwenye droo yangu, pamoja na risiti za sacco.